Mwali wa Taa Nyekundu

Nianze na mkaa, maana bila mkaa yaliyofuata yasingetokea. Miaka ile ya shida, pale Tanga, dawa ya meno ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Ukiingia duka la ushirika ulikuta rafu imepangwa majembe na viberiti, na muuzaji ameegemeza shavu kiganjani kama mtu anayelinda kaburi. Mwenye ndugu dereva alipata dawa kutoka upande wa pili, Kenya, ikapita mpaka wa Horohoro ndani ya soksi, na baada ya hapo aliwachekea watu mtaani hata wasipomsalimia. Sisi wengine tulisaga mkaa tukachanganya na chumvi, na chumvi nayo ilipoadimika tukatia majivu. Mswaki wa mti tulichagua ule mgumu. Mtu aliyenyimwa kila kitu huamini kwamba kichache alichobakiwa nacho ni lazima akitumie kwa nguvu.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo. Ufizi si soli ya kiatu. Ni nyama laini iliyolizunguka jino shingoni, na ukiisugua kwa mkaa kila asubuhi miaka nenda miaka rudi, inachoka na kurudi nyuma. Ikirudi haipandi tena yenyewe. Mzizi unabaki uchi, baridi na moto vinaupiga, na jino linaanza kutikisika. Hivyo ndivyo lilivyokuwa jino langu moja la mbele, la chini. Tulipofika wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka yakajaa dawa za meno za kila rangi, jino langu lilikuwa limerefuka kama la panya buku, na niliweza kulisukuma kwa ulimi.

Usicheke. Mwalimu anaishi kwa mdomo wake. Tulikuwa na mwenzetu shuleni aliyeng'oka jino la mbele, na tangu siku hiyo kila alipotaka kusema "sasa" ilitoka "thatha". Watoto walimpa jina hilohilo. Walimwita Thatha mpaka alipoomba uhamisho, na jina likamtangulia kwa basi. Mimi nilijua kabisa kwamba jino lile likienda, S yangu inakwenda nalo, na darasa la watoto wa mtaa wetu wa Ngamiani halina huruma na mtu asiye na S.

Daktari wa meno aliyeniona alikuwa Mshambaa mmoja mpole. Asubuhi alikuwa hospitali ya serikali, na jioni alifanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi, kwa kuwa sasa ilikuwa ruksa. Alinipa kioo akanionyesha.

"Mwalimu, ufizi hapa umekwisha. Nitakata kipande chembamba kwenye kaakaa, juu hapo, nikipandikize hapa chini mbele. Kikishika, jino linabaki."

"Na kisiposhika?"

"Basi tutaling'oa."

Mwenye kliniki alikuwa na habari nzuri zaidi. Huyu bwana tulimfahamu. Miaka ya shida alikuwa na duka lenye rafu tupu mbele na chumba kilichojaa nyuma, na sabuni waliipata watu aliowapenda tu. Ruksa ilipokuja alitazama huku na huku, akaona watu wana maumivu, akafungua kliniki. Elimu yake ya tiba ilikuwa kusoma maandishi ya maboksi. Alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo chombo kilichokwishatumika, sanduku la chuma lenye waya uliochomekwa kalamu nene, na kalamu ile ilitoa nukta ya mwanga mwekundu. Nje alikwisha kuandikisha ubao: LEZA YATIBU FIZI, MENO, VIDONDA NA MENGINEYO. Hayo mengineyo hakuyataja, na nadhani yalimtegemea mgonjwa.

"Mwalimu, hii ni leza," aliniambia, akitamka kana kwamba ananitambulisha kwa mkwewe. "Ulaya hawaponi bila hii. Daktari akishakata, mimi nakupiga leza, kidonda kinafunga mbele ya macho yako."

"Kidonda kiko mdomoni," nikamwambia. "Mbele ya macho yangu kitafikaje?"

Akacheka na kuniambia kwamba walimu tuna maneno.

Niitendee haki taa yenyewe, maana yeye hakuitendea. Leza ndogo ya namna ile haichomi wala haikati. Ni mwanga wa rangi moja ulionyooka, dhaifu kabisa, unaopenya kidogo ndani ya nyama. Wataalamu wanaona kwamba unaziamsha chembe hai zifanye kazi kwa haraka, uvimbe upungue, na maumivu yatulie. Wapo wanaosema msaada wake ni mkubwa na wapo wanaosema ni mdogo. Ni msaidizi. Ni kama mtu anayekushikia taa wakati unashona. Ukishona vibaya, taa yake haitanyoosha mshono. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekwisha kulipia ubao.

Operesheni ilikwenda vizuri. Ganzi ilinishika mpaka masikioni. Daktari alikata kipande cha kaakaa, chembamba kama ganda la kitunguu, akakilaza chini ya jino langu na kukishona kwa nyuzi nyembamba mno. Ganzi ilipokwisha, ufizi haukuniuma sana. Kilichouma ni kaakaa, pale palipotolewa nyama. Ilikuwa kama nimelamba pasi ya mkaa.

Sasa, hapa ndipo penye jambo lote, na naomba ulielewe vizuri, linaweza kukusaidia wewe au mwanao. Kipande kile kikishashonwa hakina mishipa ya damu. Siku za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake, kama kitambaa kilicholazwa juu ya sahani yenye maji. Halafu mishipa midogo, myembamba kuliko uzi wa buibui, inaanza kupenya kutoka chini kuingia ndani yake. Mtu akikivuta wakati huo, hata kidogo, ile mishipa inakatika na kipande kinakufa. Kinahitaji kitu kimoja tu: kuachwa kitulie.

Na kuacha kitu kitulie ndiyo elimu ambayo watu wetu hawajapata kuisoma.

Unajua desturi ya kumjulia hali mgonjwa. Ni desturi nzuri sana, na ningeisifu zaidi kama wageni wangemjulia hali mgonjwa badala ya kukijulia hali kidonda. Jioni ileile nyumba ilijaa. Jirani mmoja, mama mwenzangu mwenye mwili na sauti, aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Pole, mwalimu. Wamekukata wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole, mdomo nimeufumba.

"Hebu nione."

Nikatikisa kichwa.

"Aa, mimi na wewe tuoneane haya? Nimezaa wanane mimi!" Akanishika kidevu, akautandua mdomo wangu wa chini kama mtu anayekagua samaki sokoni. Nikasikia uzi ukivuta. Damu ikanijaa mdomoni. Yeye akawageukia wenzake. "Yallah! Wamemtia kiraka!"

Wote wakasogea kuona kiraka. Katika miaka ile kila mtu alikuwa amevaa kiraka mahali fulani, kwenye goti la suruali au kwenye kikwapa cha gauni, lakini cha mdomoni hakikuwa kimeonekana bado.

Kesho yake nilirudi kliniki na mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuja kutoka Maramba kunihudumia. Daktari alitazama. Pembe moja ya kipande ilikuwa imeinuka, nayo ilikuwa nyeupe kama karatasi iliyolowa.

"Nani alikifunua?"

Ningeanzia wapi?

"Mwalimu, kikivutwa tena hivi kitakufa chote. Na mara ya pili sitakuwa na pa kukishonea. Jino litakwenda." Kisha akamgeukia mama mkubwa, maana alijua kwetu maagizo hupewa mtu mzima. "Mama, huyu asizungumze, asicheke, asifunuliwe mdomo na mtu yeyote. Uji uliopoa, supu iliyopoa. Na hapa tutakuwa tunampiga mwali."

"Mwali?" akauliza mama mkubwa.

"Ndiyo, mama. Mwali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitoe nyuzi."

"Nimefahamu, baba," akasema mama mkubwa, na uso wake ukawa wa mtu aliyekabidhiwa jambo analolimudu.

Daktari alimaanisha mwali wa mwanga, kama tunavyosema mwali wa moto au wa jua. Lakini Kiswahili chetu kina mwali mwingine, yule msichana anayewekwa ndani afundwe, haonekani, hasemi ovyo, analishwa vya laini mpaka siku ya kutolewa. Mama mkubwa alikuwa amewaweka ndani wali wengi kule Maramba kuliko nilivyosahihisha madaftari. Leza hakuwahi kuisikia. Alichosikia ni daktari, msomi, akikubali hatimaye kwamba mgonjwa huyu awekwe mwali.

Tulipofika nyumbani alihamisha kitanda changu chumba cha uani. Akatundika khanga mlangoni. Akatandika mkeka chini akaketi yeye mwenyewe juu yake, miguu amenyoosha, akiukinga mlango. Akanipaka usoni liwa ya msandali, kama wapakwavyo wali. Nikaandika kwenye karatasi: *Mama, ni mwali wa taa, si mwali wa ndani.* Akaigeuza karatasi, akaitazama upande huu na huu. Alisoma herufi za Kiarabu tu. Akanirudishia.

"Mwali haandiki barua," akasema. "Tulia."

Fikiria. Mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto watatu, nimepakwa liwa nyuma ya khanga, na nimekatazwa kusema na watu wawili wasioelewana walichokataza. Mume wangu alichungulia mara moja akafukuzwa. "Unamtazamaje mwali, baba? Huna adabu?" Akaenda kulala sebuleni, nami nilimsikia akicheka peke yake gizani kama mwendawazimu.

Wageni walikuja, tena wengi kuliko siku ya kwanza, maana habari za kiraka zilikuwa zimefika mbali. Mama mkubwa aliwapokea wote mkekani.

"Yuko ndani. Ni mwali. Haonwi."

Lakini aliyekuwa mtihani hasa ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyetoka ng'ambo ya mto Pangani. Wifi na wifi, unajua, wana leseni ya kutukanana. Alikuwa amevuka mto kwa kivuko, akapanda gari mpaka mjini na kapu la madafu, na hakukusudia kurudi bila kuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita hapahapa, keti."

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Mwali yuko ndani."

Wifi akaangua kicheko kilichotikisa khanga.

"Mwali! Mwali gani huyo, mama? Ameshapita kwenye leba mara tatu! Mnamfunda nini, kuzaa wa nne?"

"Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari amesema mke wa kaka yangu ni mwali? Basi kaka yangu atoe mahari upya!" Akapaza sauti ili nimsikie. "We mwali! We bikizee uliyepakwa liwa! Toka nikuone hicho kiraka, au umeshonewa na kitambaa cha mitumba?"

Ndugu msomaji, kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Nikajua nikicheka nitazikata nyuzi. Nilijifunika mto usoni, nikauma ncha ya mto kwa magego, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeshindana na wakaguzi wa elimu, na wasimamizi wa mitihani, na foleni za sukari, lakini sijapata kushindana na kitu kama sauti ile ya wifi yangu nyuma ya khanga.

Nikamsikia anainuka. "Nitamfunua kidogo tu, mama, kwa kidole kimoja."

"Ukivuka miguu yangu," mama mkubwa akasema polepole, "wewe ndiye utakayebeba uzito wa huyu mwali. Mwali akifunuliwa kabla ya siku yake, aliyemfunua ndiye huharibikiwa. Una meno yako yote?"

"Ninayo."

"Basi vuka."

Wifi hakuvuka. Alikunywa dafu moja katika yale aliyoniletea mimi, akasema mambo mawili matatu kuhusu watu wa Maramba, akaondoka.

Wakati huohuo, kule kliniki, mwali wa pili uliendelea na mambo yake. Jioni mama mkubwa alinipeleka kwa vichochoro, nimefunikwa gubigubi, akaningoja uani, kwa kuwa hata mwali hupelekwa kwa mganga. Mwenye kliniki alikuwa amekipanga kiti cha leza mbele ya dirisha la kioo linalotazama barabarani. Si kwa ajili ya hewa. Jioni, nukta nyekundu ilipowaka ndani ya kinywa changu, wapita njia walisimama kutazama, na hilo ndilo lilikuwa kusudi. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja. Aliivaa yeye.

"Mimi je?" nikamuuliza kwa mikono.

"Wewe fumba macho tu, mwalimu."

Daktari alikuwa amemwelekeza aushike mwanga kwa muda mfupi. Yeye alisema kitu kizuri kikizidi ni kizuri zaidi. Ilibidi daktari amnyang'anye ile kalamu na kumwambia kwamba hata mche ukiuanika juani kutwa hauoti haraka, unanyauka. Akaitikia, akasubiri daktari ageuke, akanyoosha mkono tena. Kilichoniokoa ni mgao wa umeme. Jioni nyingi nilifika nikakuta sanduku limelala, na yeye akilipigapiga ubavuni kama punda aliyegoma. Jenereta lake lilikuwa la kuwasha friji ya soda. Kwa hiyo katika siku zote nilizoitwa mgonjwa wa leza, leza yenyewe niliiona mara chache sana. Nisiseme uongo: zile jioni chache ilipowaka, kaakaa langu lilitulia usiku, nikalala. Pengine ni taa. Pengine ni kuchoka. Sikuwa na mdomo wa pili wa kulinganisha, na asiye na wa pili wa kulinganisha anyamaze.

Siku ya kutoa nyuzi ikafika. Mama mkubwa alinivika khanga mpya, akanifunika kichwa mpaka machoni, akaniongoza kwa mkono kupita mtaani. Watu walitoka milangoni. Sikupata kuona aibu kubwa kama ile, wala sikuwa na namna ya kuwaeleza.

Mwenye kliniki alisisitiza kazi ifanyike kwenye kiti cha dirishani. Daktari alikata uzi mmoja mmoja, akavuta kwa koleo ndogo. Nilifumba macho. Nilisikia anagusa kipande kwa pamba, hapa na hapa, kisha anarudi tena pale alipoanzia.

"Pembe hii moja imekufa," akasema. "Pale palipovutwa."

Nikafumbua macho.

"Kingine chote kimeshika." Akaniletea kioo. Chini ya jino langu palikuwa na ufizi wa waridi, mnene, hauna uzuri wowote, kiraka kweli, lakini kilikuwa hai. Alipokibonyeza kiligeuka cheupe na damu ikarudi. Kisha akalishika jino kwa vidole viwili akalisukuma mbele na nyuma, polepole. Lilitikisika kidogo. Akaachia. "Litakaza. Lipe miezi."

"Alhamdulillahi," akasema mama mkubwa. "Mwali umemfaa."

"Mwali umemfaa sana," akaitikia daktari, akiosha mikono, na wakatazamana wote wawili kwa furaha kamili. Sikumwona mtu ambaye angefaidika kwa kusahihishwa, nikawaacha.

Lakini mwenye kliniki alikwisha kufungua mlango. Nje ya kioo palikuwa na watu kumi hivi, wengine waliotufuata kutoka mtaani, wengine waliovutwa na umati.

"Njooni mwone leza!" aliwaita. "Mwalimu huyu alikuja hapa jino limelegea! Leza yangu! Hakuna kingine!" Akaniwekea mkono begani, akaniinamia kwa sauti ya kubembeleza. "Fungua mdomo, mwalimu. Tandua kidogo tu. Waone."

Nilimtazama. Nilitazama miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa ingawa taa ilikuwa imezimwa. Nilimtazama mama mkubwa, aliyekwisha kuanza kusogea kati yetu kwa miguu yake ileile. Nikamshika mkono nikamzuia, maana hili nilitaka kulisema mwenyewe. Sikuwa nimesema neno tangu siku ya operesheni, na kwa kweli sikujua litatokaje.

"Sifungui," nikamwambia.

S ilitoka nzima.